Miaka Thelathini na Minne ya Kubebwa kwa Machela: Bwana Kaingu Mwambire Anastaafu

Kwanza naomba radhi. Jarida hili la wafanyakazi halijawafikia tangu Novemba mwaka jana, na kosa ni langu, si la mpiga chapa. Toleo la Februari lilikuwa tayari, na ukurasa wake wa kwanza ulitangaza kwamba kampuni yetu itaanza kuwapeleka wageni Fungu la Pweza. Jambo hilo halikuwa limeamuliwa. Nililifungia toleo lile kabatini nikingoja uamuzi, ili niandike lililo kweli. Uamuzi haujatoka hadi leo, lakini kalenda haingoji kamati. Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bwana Kaingu Mwambire, mpimaji wetu wa usalama, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Kumwacha aondoke bila neno lililoandikwa kungekuwa utovu wa adabu. Kwa hiyo kimya kinaishia hapa.

Kwa wale walioajiriwa majuzi, kazi yake inaweza kuelezwa kwa maneno machache. Sisi huwapeleka wasafiri kuzamia kwenye miamba ya matumbawe, na mingine kati ya miamba hiyo iko mbali na barabara, mbali na simu, na mbali zaidi na daktari. Kabla mgeni wa kwanza hajapelekwa mahali papya, sharti mtu atangulie, apaone, arudi, na aandike ndiyo au hapana. Mtu huyo alikuwa Bwana Kaingu.

Hakuzaliwa karibu na maji ya chumvi. Kwao ni Jilore, ambako watu hulima mahindi na mihogo, na habari za bahari huzipata kwa wapitao. Mwaka 1991, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, aliajiriwa na marehemu Bi Taraben Manilal, mwanzilishi wa kampuni hii. Bi Taraben alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Malindi, na nyuma ya duka alikuwa na chumba kimoja alimokodishia mitungi ya hewa ya wazamiaji. Kaingu alikuwa mtunza stoo. Mitungi yote aliijua kwa namba, kwa uzito na kwa mikwaruzo yake. Kuogelea hakujua.

Mwaka uliofuata mgeni mmoja alilalamika kwamba hewa ya mtungi wake ilinuka moshi. Waongozaji walisema hayo ni maneno ya wageni tu. Kaingu aliuchukua mtungi ule, akauvuta palepale dukani, akatoka nyuma akatapika, akarudi na kusema, "Mama, mgeni hakusema uongo." Hakuishia hapo. Alikwenda kwenye banda la pampu ya kujazia mitungi, akakuta kwamba mtu amehamisha jenereta ili isilowe mvua, na bomba lake la moshi sasa lilikuwa likipumua kando ya mdomo wa pampu. Bi Taraben aliangalia bomba, akamwangalia Kaingu.

"Kuanzia leo wewe utatangulia kila mahali. Wageni watakufuata."

"Nitangulie kuzamia, Mama? Mimi naogopa hata mto Sabaki."

"Vizuri. Anayeogopa huangalia."

Alijifunza kuogelea Watamu akiwa na miaka ishirini na saba, miongoni mwa vijana waliokuwa wakiogelea tangu kuota meno. Walikaa ukingoni na kumpigia kelele, "Wewe wa Jilore, maji hayalimwi!" Aliendelea kulima. Mwaka 1994 alipata cheti cha kuzamia, na wale waliomcheka walikuja kuwa waongozaji chini ya kanuni alizoziandika yeye.

Namna yake ya kupima haikutoka katika kitabu chochote. Alipofika kwenye kambi au hoteli ya mbali, hakuanza na meneja. Alianza jikoni. Alikuwa akisema kwamba meneja hukuonyesha vyeti, lakini mpishi anajua nani hakuja kula chakula cha jioni, na kwa nini. Baada ya jikoni aliiomba simu ya meneja, si yake mwenyewe, apige nambari ya daktari iliyobandikwa ukutani. Katika kambi moja yenye mapazia ya hariri, nambari iliyoandikwa chini ya neno DAKTARI ilipokelewa na mwuza nyama wa Gongoni, aliyeuliza kwa upole kama walitaka steki au mifupa. Kambi ile ilisubiri miaka miwili kabla ya kupata ndiyo.

Lakini kilichomfanya Bwana Kaingu ajulikane pwani yote, kuanzia Kilifi hadi kaskazini ya Marereni, ni kule kulala chini. Mzamiaji akipanda juu upesi kupita kiasi, viputo vya hewa hubaki mwilini mwake na humlemaza, au humwua. Dawa yake ya kwanza ni oksijeni. Dawa yake ya kweli ni chumba cha shinikizo, nacho kiko Mombasa. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu mahali pa kuzamia si uzuri wa samaki wake, bali ni muda wa kumtoa mgonjwa majini hadi mlangoni pa hospitali. Watu wengi hulijibu swali hilo kwa kuangalia ramani. Bwana Kaingu alilijibu kwa kujilaza juu ya mchanga, kufumba macho, na kusema, "Mimi nimezimia. Nichukueni." Kisha mwenzake alibonyeza saa. Walimbeba kwa machela, kwa mlango uliong'olewa, kwa mkokoteni wa maji, na mara moja kwa tuktuk ambayo dereva wake alisimama njiani kununua mahamri. Dakika za mahamri ziliandikwa katika ripoti kama dakika nyingine zote. Watu wa Watamu walimwita Marehemu. Alikuwa akiingia hotelini, na wapishi wakimpokea kwa kumpa pole ya msiba wake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mwenyewe ameniomba nisiliruke. Nilitaka kuliruka. Alisema kwamba wasifu usiokuwa na kosa ni tangazo la biashara.

Februari mwaka 2003 alitumwa kupima kambi iliyoitwa Mwamba Tatu, ambayo sasa haipo tena. Alifika saa nne asubuhi, siku ya bamvua, ambapo maji hujaa na kupwa kuliko siku zote, bahari imekupwa na mwamba umeachwa wazi hadi mbali. Akasalimia, akaeleza kazi iliyomleta, akataka kujilaza. Mama mkuu wa jiko alimzuia kwa mikono yote miwili. Mgeni hajanywa hata maji, naye anataka kujinyoosha kama maiti uani mwa watu? Huo ulikuwa uchuro. Ale kwanza, nyumba ipate baraka, kisha afe apendavyo.

Yeyote aliyelelewa huku anajua kwamba hilo si jambo la kubishana. Bwana Kaingu alilelewa vizuri. Alikaa, akaletewa wali na samaki wa kupaka, akaletewa chai, akasimuliwa habari za ndoa mbili na mazishi mamoja. Alipojilaza ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, na bahari ilikuwa imejaa hadi kwenye mizizi ya minazi. Mashua ilikuja hadi ufukoni kabisa, wakampakia bila kulowa, na dakika arobaini baadaye alikuwa zahanati. Aliandika: dakika arobaini, salama.

Desemba mwaka huohuo mwalimu mmoja wa Nakuru, Bi Fridah, alizamia Mwamba Tatu asubuhi ya bamvua. Maji yaliingia katika kinyago chake cha kuzamia, akashtuka, akapanda juu mbio. Ilikuwa saa nne. Mashua haikuweza kuvuka mwamba. Ilibidi abebwe kwa miguu juu ya matumbawe, katika madimbwi na mashimo, zaidi ya kilomita moja, na oksijeni iliisha kabla hawajafika nusu ya njia. Safari ya dakika arobaini ilichukua saa nne. Alipona, lakini mguu wake wa kushoto haukurudi kuwa kama ulivyokuwa.

Bwana Kaingu alikwenda kumwona hospitalini Mombasa. Bi Fridah alimwuliza maswali kama anavyouliza mwalimu anayelijua jibu.

"Wewe ndiye uliyeandika dakika arobaini?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Ulipima saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu. Baada ya chakula."

"Mimi niliumia kabla ya chakula," alisema Bi Fridah, akageukia ukuta.

Bwana Kaingu alirudi Malindi na barua ya kujiuzulu mfukoni. Bi Taraben aliisoma akiwa amesimama, akairudisha. "Ukienda wewe, itanibidi nimwajiri mtu ambaye bado hajakosea. Nimtakie nini?" Barua hiyo ingali katika jalada lake. Mimi ndiye ninayelitunza jalada, na nimeisoma tena wiki hii. Haina udhuru hata mmoja ndani yake.

Tangu siku ile hakupima mahali popote mara moja. Alibebwa maji yakiwa yamejaa, akabebwa tena maji yakiwa yamekupwa, na daima katika siku za bamvua, wakati bahari inapofanya mambo yake kwa ukamilifu. Ulioandikwa katika ripoti ni muda mrefu zaidi, si wastani. Tena alibebwa kabla ya kula. Kuhusu uchuro, alitafuta njia ambayo haikumvunjia mtu heshima. Alikuwa akiwaambia wenyeji, "Msiseme maiti, mama zangu. Semeni mmeletewa gunia la mahindi kutoka Jilore, nalo linataka kufika hospitali." Wanawake walicheka, na walipocheka walikubali kunyanyua. Hakuna mgeni wetu aliyekwamishwa na maji kupwa tena. Ukiniuliza mafanikio yake ni yapi, nitakuonyesha madaftari yetu ya ajali ya miaka ishirini na miwili iliyopita. Ni membamba.

Alikataa sehemu nyingi, na si wote waliokataliwa waliochukia. Baadhi walirekebisha mambo, wakamwita tena, wakambeba tena. Wengine waliacha kumsalimia. Hilo lilimwuma kuliko alivyoonyesha, kwa maana yeye ni mtu anayependa shikamoo yake iitikiwe. Hata hivyo sikuwahi kumwona akibadilisha neno ili apate kuitikiwa.

Hapo ndipo ninapofika Fungu la Pweza.

Fungu hilo ni ukanda wa mchanga baharini, kaskazini ya Marereni, usioonekana kutoka ufukoni. Mzee Sanga, aliyefanya kazi ya chumvi kwa muda mrefu hadi miguu ikakataa, amejenga hapo kambi ya mahema sita na jiko moja. Chini ya fungu kuna ukuta wa matumbawe ambao waongozaji wetu wanausema kwa sauti ya chini, kama watu wanaoogopa kusikiwa. Familia zaidi ya ishirini za ufuoni zinatazamia kupata kazi hapo: mashua, upishi, ufuaji, ulinzi. Mwongozaji mkuu aliyechaguliwa kuwasimamia wazamiaji wa Fungu ni Bi Linet Kaingu, mwenye umri wa miaka ishirini na tisa, mzamiaji hodari kuliko wote tulio nao. Ni binti yake Bwana Kaingu.

Bwana Kaingu aliomba asitumwe. Alisema kwamba baba hapimi uwanja wa mwanawe. Mimi, kama katibu wa Kamati ya Usalama, nilimjibu kwamba Bi Charity, anayeichukua nafasi yake mwezi ujao, alikuwa hajamaliza mafunzo, na kwamba hatuna mwingine. Kama hilo lilikuwa kosa, lihesabiwe kwangu. Alikwenda Februari, siku ya bamvua, nami nilifuatana naye kushika saa.

Alasiri, maji yakiwa yamejaa, mambo yalikwenda kama harusi iliyopangwa vyema. Mashua iliingia katika mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, gari lilikuwa likingoja, na tulifika mlangoni pa hospitali mjini Malindi baada ya saa mbili na dakika kumi. Linet alimtazama baba yake kwa jicho la mtu aliyefaulu mtihani. Baba yake alisema, "Kesho asubuhi."

Kesho yake, saa nne, mashua ilikwama kwenye mdomo wa mkono ule. Mbele yetu palikuwa na matope tu, na mizizi ya mikoko imesimama kama misumari. Watu wanne walimshusha na machela yake. Linet alishika upande wa miguu. Matope yaliwafika mapajani, na kila hatua ilitoa sauti kama ng'ombe anayelamba.

"Mzee, gunia hili lina mawe?" aliuliza Kiponda, mpishi wa kambi, aliyeshika upande wa kichwa.

"Baba amezidi kula tangu akaribie kustaafu," alisema Linet, akihema.

Bwana Kaingu, aliyekuwa amezimia kwa mujibu wa kanuni, alisema bila kufumbua macho, "Mgonjwa anasikia."

Walicheka, na katika kucheka mmoja wao akateleza, machela ikalala ubavu, na Marehemu akazama matopeni hadi shingoni. Walimtoa, wakamfuta uso, wakamlaza tena. Sikusimamisha saa. Baada ya hapo hakuna aliyecheka. Mtungi wa oksijeni wa kambi ni mmoja, na huisha kwa dakika hamsini. Uliisha tukiwa katikati ya mikoko, na nilitamka wakati huo kwa sauti, kama ilivyo desturi yetu. Niliona mabega ya Linet yakishuka. Tulifika hospitali baada ya saa tano na dakika arobaini.

Waliyoyasema baba na binti waliyasema mbele ya mlango wa hospitali, mbele ya watu, wote wawili wamekaukiwa na matope.

Linet alikuwa na hoja, nayo ilikuwa nzuri. Alikuwa ameandaa ratiba ya mwaka mzima: wageni wazamie pale tu maji yanapojaa, watoke majini kabla hayajaanza kushuka, na siku ambazo saa hazikubali wakae kambini wasome vitabu. Kwa ratiba hiyo hakuna mgonjwa ambaye angekuta matope.

"Ratiba ni nzuri," alisema baba yake. "Nani ataishika, mgeni akiwa na siku tatu tu, naye amesafiri siku mbili kuja?"

"Mimi."

"Na siku wewe una homa?"

Linet alibandua tope mkononi. Kisha alisema, "Baba, ungekuwa humjui mwongozaji wa pale, ungetupitisha."

"Ningekuwa simjui, nisingelala usingizi mbaya. Jibu lingekuwa hilihili."

Ripoti yake ina ukurasa mmoja na nusu, na ni ripoti iliyoandikwa vizuri kuliko zote zilizopita mezani kwangu. Haisemi hapana ya milele. Inataka mitungi ya oksijeni ya kutosha saa sita, chombo chepesi kisichohitaji maji mengi, njia ya mbao juu ya matope, na mwongozaji wa pili mwenye mamlaka sawa na wa kwanza. Mpaka hayo yapatikane, anasema, mgeni asipelekwe. Sentensi ya mwisho ninainakili kama ilivyo: "Mahali ambapo usalama wake wote ni mtu mmoja si salama bado, hata kama mtu huyo ni mwanangu."

Wasomaji watauliza kwa nini, basi, kamati haijaamua. Wasimlaumu Bwana Chirag Manilal haraka. Meneja wetu si mtu wa kupuuza ripoti, na malezi yake ni ya duka lilelile alimofunzwa kazi Bwana Kaingu. Hoja yake ni kwamba wasafiri watakwenda Fungu, sisi tukitaka tusitake. Kuna wakala mwingine, ambaye sitamtaja, ambaye hapimi chochote, naye amekwisha kumwahidi Mzee Sanga wageni wa kwanza mwezi wa Oktoba. Tena wakala huyo amemtaka Linet awe mwongozaji wake. "Tukikataa," Bwana Chirag alituambia, "tutakuwa tumeosha mikono yetu tu. Wageni wataumia mikononi mwa mwingine, na Linet atakuwa nao." Bora tuanze, anasema, kwa ratiba ya Linet, huku tukitafuta vifaa.

Hoja hiyo si ndogo, na Bwana Kaingu aliisikia akiwa ameketi katika chumba kilekile. Yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza kuliko sote. Akiandika ndiyo, binti yake anabaki kwetu, mahali ambapo angalau tunahesabu dakika. Akiandika hapana, huenda akampeleka kwa mikono yake kwa watu wasio na saa. Alisema kwamba kazi yake haikuwa kumzuia msafiri asiende. Msafiri ni mtu mzima, na bahari haina mlango. Kazi yake ilikuwa kwamba msafiri akiuliza, aambiwe kweli. Tukiweka jina letu juu ya Fungu, yule msafiri hataiona ratiba wala matope, ataliona jina tu, na atalala usingizi kwa sababu yake. "Usingizi huo," alisema, "ndio tunaouuza. Mimi siwezi kuuza ambao sina."

Kamati iligawanyika sawasawa, na ikaahirisha. Imeamuliwa jambo moja tu: mwezi wa Septemba, upepo wa kusi ukishatulia, Bi Charity atakwenda Fungu siku ya bamvua kupima upya, aone Mzee Sanga amepata nini na amekosa nini. Kisha tutapiga kura. Mzee Sanga, kwa sifa yake, hajakaa bure. Nimeambiwa kwamba mbao za kwanza zimekwisha kulazwa juu ya matope, na kwamba Kiponda amejifunza kufungua na kufunga mtungi wa oksijeni. Linet amemwambia yule wakala mwingine asubiri jibu lake mpaka tutoe letu. Wiki iliyopita alikuja ofisini kuchukua nakala ya ripoti ya baba yake. Aliisoma kwenye ngazi, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Nilimwuliza anaionaje. Alisema, "Amenitaja mara moja tu. Mara moja inatosha." Sikujua kama hilo ni hasira au ni jambo jingine, na sikuona kama ni haki yangu kuuliza.

Bwana Kaingu anarudi Jilore, ambako mkewe, Bi Everlyne, ameendesha shamba peke yake kwa miaka ambayo mumewe alikuwa akizimia kwenye fukwe za watu. Bi Everlyne amenituma nitangaze kwamba sasa ni zamu ya mzee kubeba, kwa kuwa mahindi hayatajibeba.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Malindi na Watamu, na kwa niaba ya wasafiri ambao hawakuwahi kujua jina lake kwa sababu hakuna lililowapata, tunamshukuru. Alituachia jambo gumu lisilokwisha, na alituachia pia namna ya kulipima. Mungu akujalie, Bwana Kaingu, afya, usingizi na majirani wema, na siku zako za kupumzika ziwe nyingi kuliko siku zako za machela.

Tulimwuliza anataka zawadi gani. Alikataa saa, akakataa kiti cha kuegemea. Alitaka jambo moja: kura ikishapigwa, aambiwe kwa barua, si kwa simu, na barua isipitie kwa Linet. Alisema kwamba kwa simu mtu hupunguza, na kwamba mwanawe, kwa kumhurumia, angepunguza zaidi.

Atapata barua hiyo. Nitaiandika siku ileile ya kura, kwa mkono wangu. Itasema ndiyo au hapana katika mstari wa kwanza, na katika mstari wa pili itasema Linet amekwenda wapi.